Fundi wa Kalibu: Kosa Moja Huzaa Elfu



Mtu akichukua kizibo cha bati cha chupa ya soda na kuhesabu meno yake, atapata 21. Akichukua kingine, kiwe kimetoka Likoni au Kisumu, atapata 21 vilevile. Meno hayo hayakukatwa moja moja kwa mkono. Yalipimwa na mtu mmoja, aliyetengeneza kalibu ya chuma ambamo vizibo hukandamizwa. Huyo ndiye fundi wa kalibu, na maneno haya yahusu kazi yake.

Kalibu ya kukatia bati ina sehemu mbili, dume na jike. Dume hushuka kwa nguvu ya mashine, likasukuma bati ndani ya tundu la jike, na bati likakatika. Baina ya hayo mawili sharti pawe na nafasi. Kwa bati la chuma lenye unene wa milimita 1, nafasi ya kila upande huwa kiasi cha milimita 0.05 hadi 0.1, yaani kadiri ya unene wa unywele. Ikizidi, kingo hutoka na miiba ikatayo mikono. Ikipungua, dume huliwa upesi au huvunjika. Seremala akikosea mguu wa meza, ameharibu meza moja. Fundi wa kalibu akikosea, mashine hulirudia kosa lake mara elfu.

Kwa sababu hiyo kazi hii haitaki pupa. Chuma cha kalibu hukatwa kingali laini, kwa msumeno, keekee, tupa na mashine ya kukerezea, nacho hupimwa na kupimwa tena. Kisha hutiwa moto hata kiwe chekundu, kikazamishwa ghafula katika mafuta au maji. Hapo huwa kigumu sana, lakini huweza kupasuka kama kioo. Basi hupashwa moto tena kidogo ili kistahimili mapigo. Tangu hapo tupa haikiingii. Husagwa kwa jiwe. Wahenga walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Siku hizi mashine nyingi huongozwa na kompyuta, lakini kompyuta hutii amri iliyopewa, hata ikiwa amri yenyewe ni kosa.

Nchi ya Kenya imekwisha kujifunza thamani ya ufundi huu. Mwaka 1986 kazi ya kuunda gari la Nyayo ilianzishwa, na kufikia mwaka 1990 magari matano yalikuwa tayari. Fedha za kuunda mengi hazikupatikana. Gari moja laweza kuundwa kwa mikono ya mafundi hodari. Magari elfu hayaundwi bila kalibu. Katika juhudi hizo ndimo kilimotoka kiwanda cha Numerical Machining Complex, Nairobi, mwaka 1994, kwa ajili ya kuchonga vipuri na zana humu nchini.

Mtongwe nayo si ngeni kwa kazi ya chuma. Hapa pana kambi ya Jeshi la Wanamaji, lililoanzishwa mwaka 1964, na karakana ya meli ya Kenya Shipyards Limited, shirika lililoundwa mwaka 2020. Ng'ambo ya maji, huko Tudor, pana Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichoanza kufundisha mwaka 1951 kikiwa chuo cha ufundi cha Waislamu.

Lililo gumu ni subira. Mwanafunzi hushinda mbele ya jiriwa, tupa mkononi, na malipo yake ni haba, hali rika lake wapata fedha za siku hiyo hiyo kivukoni. Mzazi huona aibu, naye kijana hushawishika kuacha. Yafaa mzazi akumbuke kwamba mwenye kuacha katikati hana nusu ya ufundi. Ana tupa tu. Lakini avumiliaye hata mkono wake ukajua unene wa unywele, mkono huo hautafutwi na kiwanda kimoja pekee. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.