Kikombe cha omubilizi

Msikilizaji wa Bukoba na Muleba, tumbo likisokota, bibi huchuma omubilizi, mmea wa majani machungu, nyuma ya migomba, akaufikicha majini mpaka maji yawe kijani yenye povu, kisha mgonjwa hunywa kikombe. Uchungu wake hukunja uso! Watafiti wa Muhimbili walifuatilia mitishamba ya Bugabo, Katoro na Kikuku, wakachapisha orodha kati ya 2009 na 2012. Orodha tu, jamani, si uthibitisho wa tiba. Tena, tumbo huweza kusokotwa na ugonjwa sugu wa uvimbe na vidonda vya utumbo, nao huweza kutulia wenyewe kisha ukarudi. Hapo kikombe hupewa sifa isiyo yake. Ukiona damu chooni, ukiharisha wiki nne au ukikonda, nenda hospitali. Mwambie daktari kila jani ulilokunywa.