Vita Visivyoitwa Vita



Oktoba 15, 2011, marehemu George Saitoti na marehemu Yusuf Haji, mawaziri wa usalama wa ndani na wa ulinzi, walitangaza jijini Nairobi kwamba Kenya itawaandama wanamgambo wa al-Shabaab hadi ndani ya Somalia. Wageni walikuwa wametekwa nyara katika pwani ya Lamu, na wafanyakazi wawili wa misaada katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Siku ya pili yake majeshi yetu yalivuka mpaka.

Katiba mpya haikuwa imetimiza miezi 14. Kifungu cha 132 kinamruhusu Rais kutangaza vita kwa idhini ya Bunge, na cha 95 kinalikabidhi Bunge la Kitaifa kazi ya kuidhinisha tangazo hilo.   Lakini vita havikutangazwa. Serikali ilisema ni operesheni ya kujilinda, ikaegemea kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Pasipo tangazo, wabunge wangeidhinisha nini? Walipoombwa kura mwezi Desemba, ilikuwa ya kuwaingiza wanajeshi wetu katika AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika. Wakati huo vijana walikuwa wamekaa vitani wiki kadhaa. Ni mbunge gani angewapa kisogo?

Familia zilizoumizwa na utekaji ule zilistahili kulindwa, na sibishani na hilo. Nalalamikia katiba iliyowekea neno "vita" mlinzi mlangoni, ikaliacha tendo lenyewe lipite uani.

Majirani zetu Watanzania wamepanga vingine. Ibara ya 44 ya katiba yao inamruhusu Rais atangaze kwanza, kisha Spika aitishe Bunge ndani ya siku 14 lijadili kama litamuunga mkono. Wabunge wao huja nyuma, ila wana tarehe.

Baada ya Somalia, Haiti ilitupa somo la pili. Novemba 2023 Bunge liliridhia polisi wetu waende huko kusaidia kupambana na magenge. Januari 26, 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu alisoma kifungu cha 240 neno kwa neno: Baraza la Usalama wa Kitaifa linaweza, kwa idhini ya Bunge, kupeleka nje majeshi, na polisi si majeshi; hivyo akazuia safari yao. Polisi wana njia yao kisheria, kwa makubaliano na nchi inayowapokea. Machi 1 makubaliano yakatiwa saini Nairobi. Juni kikosi cha kwanza kikaondoka. Wapo walioona hukumu imekwepwa. Mimi naona iliheshimiwa kwa kiasi chake, kwa sababu serikali ililazimika kuweka jambo lake kwenye maandishi. Ila jaji hawezi kuuliza maswali ya mbunge: watakaa hadi lini, na kwa gharama gani?

Nawaomba wabunge watunge sheria fupi. Mkenya yeyote anayetumwa nje na serikali akiwa na silaha, awe mwanajeshi au polisi, asivuke mpaka bila kura yao. Ikiwa ni dharura, kura ipigwe ndani ya siku 14. Na kila idhini iandikwe siku itakayokoma.