Pumzi Kabla ya Kubeti
Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Ngoingwa, Thika



Chukueni mfano wa mwendeshaji bodaboda aliyefunga kazi saa mbili usiku. Mfukoni ana shilingi 900, na karo ya mtoto inadaiwa. Anatoa simu. Moyo unamwenda mbio, na kabla hajafika nyumbani pesa zote amezibeti. Asubuhi anaapa kuacha. Jioni anarudia.

Huyo si mtu mbaya, wala hajarogwa. Ni mgonjwa. Kwa miaka mingi madaktari waliuhesabu uraibu wa kamari kati ya maradhi ya kushindwa kuzuia msukumo wa ghafla. Tangu 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unauweka pamoja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Shida ni ile ile: hamu hutangulia, akili ikafuata.

Yoga inaweza kumpa mtu nafasi ya kutua hapo katikati. Asili yake ni India, lakini si ngeni kwetu: Africa Yoga Project, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2007, imewafunza vijana wengi kuwa walimu. Mwenye wasiwasi wa kiimani anaweza kufanya mazoezi ya pumzi na kujinyoosha tu.

Hamu ikipanda, weka simu mbali. Keti wima. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita. Endelea kwa dakika tano. Kutoa pumzi polepole hupunguza mapigo ya moyo, na hamu, kama wimbi, hupanda kisha ikashuka. Fanya hivyo kila siku, hata siku ambayo hamu haipo, ili mwili uzoee.

Hata hivyo, yoga haifuti deni wala haichukui nafasi ya mshauri nasaha. Utafiti kuhusu yoga na kamari bado ni mchache. Anayeshindwa kujizuia afike Hospitali ya Thika Level 5 na aseme wazi kinachomsumbua. Anayewaza kujiua apelekwe leo hii, asiachwe peke yake. Karo nayo ilipwe shuleni mara tu pesa zinapopatikana.

Kwa mke, mzazi na rafiki: matusi hayamtoi mtu kwenye kamari. Muulizeni kwa upole anadaiwa kiasi gani, kisha mwandamane naye hospitalini.