Dundu Asiye na Jina

Jioni hii nataka kuwapa habari za mdudu mdogo sana, nami nawaomba mnivumilie, kwa maana najua wengi wetu tukimwona twamkanyaga tukapita.

Mwanafunzi mmoja wa chuo chetu cha walimu, ambaye kwao ni Ngare Nanyuki, chini ya Mlima Meru, alirudi kutoka likizo akiwa na chupa tupu ya dawa. Ndani yake mlikuwamo dundu mweusi, mdogo kuliko punje ya mahindi. Akaniamkia, kisha akauliza, "Mwalimu, huyu anaitwaje?" Nikamjibu, "Huyo ni dundu." Akasema, "Hilo nalijua, Mwalimu. Lakini hata mbu wapo waletao homa na wasioileta, na kila aina ina jina lake. Mimi nauliza jina lake yeye." Basi nikakosa la kumjibu.

Dundu, ambao wengine huwaita mbawakawa, ni wadudu wenye mbawa mbili ngumu mgongoni, zifunikazo mbawa laini za kurukia. Fukusi alaye mahindi yetu ghalani ni wa ukoo huo, na kimulimuli vilevile. Wataalamu wamekwisha andika aina karibu 400,000 ulimwenguni, na kazi haijaisha. Walio wagumu kujulikana ni wale wakaao msituni chini ya majani makavu na magogo yaliyooza. Wengi wao hawaruki kabisa, na asiyeruka hawezi kuvuka nyika yenye jua kali aende mlima mwingine. Kwa hiyo mlima kwake ni kama kisiwa.

Mfano mzuri umo katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 2017 mtaalamu Vasily Grebennikov aliandika habari za fukusi wa msituni wasioruka, akawapa jina la ukoo Lupangus. Aliwatenga katika aina tatu: mmoja wa Usambara Mashariki, wa pili wa Uluguru, wa tatu wa Udzungwa. Milima hiyo ni ya kale mno. Meru wetu ni kijana kwao, mlima wa moto uliotoa majivu hata mwaka 1910, lakini nao una msitu wake, na wadudu wake hawajahesabiwa wote.

Aliyeanza kuwahesabu kwa bidii kubwa alikuwa Yngve Sjöstedt, mtu wa Sweden, aliyefika Kilimanjaro na Meru mwaka 1905, akakaa hata 1906. Alikusanya wadudu kwa maelfu, akawapeleka Stockholm. Wataalamu wengi waligawana kazi ya kuwaeleza, na majibu yao yalipigwa chapa katika vitabu vikubwa vilivyotimia mwaka 1910. Miongoni mwa mahali alipookota wadudu ni Ngare Nanyuki, kwao mwanafunzi wangu. Aina nyingi zilizoelezwa mle zilikuwa ngeni kwa wataalamu, na baadhi zikaitwa meruensis, maana yake "wa Meru". Nao wako makumbushoni Stockholm hata leo, kila mmoja juu ya sindano yake, na kikaratasi chini yake. Waliomwonyesha njia na kumbebea mizigo hawakuandikwa katika vikaratasi hivyo.

Sasa, mtu akidhani amepata aina mpya, hufanyaje? Kwanza hulinganisha. Hupima urefu, huhesabu vifundo vya papasi, hutazama vishimo vya mgongoni kwa kioo cha kukuzia. Mara nyingi tofauti haionekani ila katika viungo vya siri vya dume, navyo ni vidogo kuliko ncha ya uzi! Akiridhika kwamba hapana mwingine wa namna hiyo, huchagua mdudu mmoja awe shahidi wa jina, humweka makumbushoni, kisha huandika maelezo na kuyapiga chapa. Jina huwa la maneno mawili kwa herufi za Kilatini, kwa desturi iliyoanza na Carl Linnaeus mwaka 1758. Lakini maelezo yenyewe, sheria haikuyafunga kwa lugha moja. Hushauriwa tu kutumia lugha isomwayo na wengi. Nilipomwambia mwanafunzi hayo, akauliza kama Kiswahili si lugha isomwayo na wengi. Nikacheka, lakini sikuona kosa katika swali lake.

Kisha nikamwuliza mimi: "Ulimwokota wapi hasa? Siku gani? Chini ya nini?" Akajikuna kichwa. Alikuwa amesahau! Sikumgombeza, kwa sababu nilipokuwa kijana nilijaza kisanduku kizima cha wadudu pasipo kuandika hata neno, na sichungu walipokuja kuwala hapakuwa na hasara, kwa kuwa walikuwa hawana maana tena. Mdudu asiye na mahali ni sawa na barua isiyo na anwani. Na mahali penyewe hapakai. Pale chini palipokuwa msitu zamani, leo pana migomba na kahawa, na gogo lililooza huchukuliwa kuni kabla dundu hajatoka.

Nawaonya pia, ninyi wanafunzi mnisikiao: ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha si ruhusa kuokota hata dundu mmoja pasipo kibali. Tafuteni shambani kwenu, na kando ya shule, kwa idhini ya wenyewe.

Mwanafunzi wangu alikwenda tena kwao Jumamosi iliyofuata. Akarudi na chupa ya pili, na karatasi ndani yake, imeandikwa kwa kalamu ya risasi ili wino usiyeyuke: "Ngare Nanyuki, mpaka wa shamba la baba, futi 5,000 hivi, chini ya gogo la mtarakwa, asubuhi baada ya mvua." Tarehe ipo, na jina lake mwenyewe lipo. Vitabu vya Sjöstedt siku hizi vimepigwa picha, vyasomeka katika intaneti, ijapokuwa ni kwa Kijerumani. Tumeanza kuvipitia pamoja, yeye na mimi na kamusi, ukurasa kwa ukurasa. Huenda dundu huyu alipewa jina zamani, naye amelala Stockholm. Nafasi ya jina katika karatasi ile tumeiacha wazi.