Shirika Lililovunjikia Mezani



Wapo wasemao kuwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikufa kwa uhaba wa ndege. Sikubaliani nao. Shirika hilo, lililoanza safari mwaka 1946, lilipata ndege za Comet mwaka 1960, na kuanzia 1966 likapokea Super VC10. Ni kweli kwamba Aprili 1972 moja ya hizo iliteketea Addis Ababa, wakafa watu 43; lakini msiba ule haukuliua shirika.

Lilivunjikia mezani. Makao makuu na karakana kubwa vilikuwa Nairobi. Tanzania na Uganda zililalamika kwamba ajira na manufaa vinabaki huko. Kenya nayo ilinung'unika kwamba safari za ndani ya Tanzania zinakula faida ya safari za Ulaya. Kwa daftari la karani, njia ya Mtwara ni hasara. Mgonjwa aliyekwama huko wakati wa masika, barabara zikiwa tope tupu, ana hesabu nyingine. Jambo hilo lilihitaji mapatano. Badala yake wabia walizuiliana fedha, madeni yakarundikana, na mwanzoni mwa 1977 shirika likasimama.

Yakawapo mashirika matatu, kila moja likijitafutia karakana na vipuri vyake. Na zile Super VC10 nne zilizosalia? Zilirudi Uingereza, zikanunuliwa na jeshi la anga la nchi hiyo, zikageuzwa kuwa za kujazia ndege nyingine mafuta angani.