Hisa Imepanda: Uuze Lini?

Leo tunazungumzia swali linalowanyima wengi usingizi: hisa zako zimepanda sana, je, uuze au ungoje?

Tutazame Safaricom, katika soko la hisa la Nairobi. Mwaka 2008 hisa moja iliuzwa kwa umma kwa shilingi 5. Mwaka uliofuata ilishuka chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 ikapita 40, na kufikia 2023 ilikuwa chini ya 20. Aliyesema "nangoja ifike 50" aliiona faida ikiyeyuka mbele ya macho yake.

Basi jiulize. Kwanza, ningekuwa na pesa mkononi leo, ningeinunua kwa bei hii? Pili, mapato ya kampuni yamekua, au bei imekimbia peke yake? Tatu, pesa hizi nazihitaji lini? Karo ya Januari haingoji soko.

Tena, si lazima uuze zote. Mwenye hisa 1,000 alizonunua kwa shilingi 5, akiuza 125 kwa shilingi 40, amerudisha mtaji wake wote wa 5,000, kabla ya ada ya dalali. Hisa 875 zinabaki, na gawio likitolewa analipata.

Kwa hiyo siku unaponunua, kichwa kikiwa kimetulia, andika bei utakayouzia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.