Mashine Husema kwa Sentensi: Kiswahili katika Mfumo wa FreeBSD



Mada ya leo huenda ikaonekana kuwa ya wahandisi kuliko ya wanaisimu. Mimi nadai kinyume chake. Nadai kwamba kazi yetu ya kuunda istilahi za kompyuta imejikita mno katika nomino, ilhali mashine humsemesha mtu kwa sentensi. Na ni kwenye sentensi ndipo tafsiri zetu zinapokwama.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu huria za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini mjadala tuliokuwa nao sisi wanalugha miaka ile, na miaka mingi baadaye, ulihusu majina: iwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Iwe kipanya, puku au kiteuzi? Nauheshimu mjadala huo, ingawa umenichosha. Sokoni Morogoro watu husema kompyuta, na mambo yanakwenda.

Niliingia katika suala la sentensi kwa njia ya mchezo, yaani kwa kutumia mfumo wa uendeshaji ambao wengi wenu hamjausikia. Unaitwa FreeBSD. Nasaba yake ni ya UNIX, mfumo ulioanza mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani, ukaendelezwa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Toleo la kwanza la FreeBSD lilitoka mwaka 1993. Linux, ulioanza mwaka 1991, unafanana nao kwa tabia, lakini uliandikwa upya na watu wengine. Yote miwili ni huria: msimbo wake uko wazi kusomwa na kurekebishwa na yeyote.

Kwa nini mtu wa isimu akae nao? Kwanza, unakubali kuishi ndani ya kompyuta kuukuu. Pili, miongozo yake huja nao, hivyo hata mtandao ukikatika, mawingu yakiwa yameufunika mlima Bondwa na minara yake, mtu huketi nyumbani akasoma. Tatu, na hili ndilo lililonivuta, jumbe za makosa za kiini cha mfumo zimekusanywa katika jalada moja kwa kila lugha, nazo hazifikii mia moja. Niliyakuta majalada ya Kifini, Kimongolia na Kigalisia. La Kiswahili halikuwemo. Nikaanza kuliandika, jioni baada ya jioni.

Ujumbe wa pili katika orodha ndio maarufu kuliko wote: husema kwamba faili au saraka iliyotajwa haiko. Programu hutaja kwanza jina la faili, kisha nukta pacha, kisha ujumbe. Mtafsiri wa haraka ataandika “haipo”. Lakini haipo nini? Kamusi zetu huliweka neno faili katika ngeli ya LI-YA. Wasemaji wengi hulitumia katika I-ZI. Jina lililotangulia linaweza kuwa la faili, la saraka au la kifaa, na ujumbe haujui ni lipi. Kiswahili kina dawa yake ya asili: “Hakuna faili wala saraka yenye jina hilo.” Kiambishi KU cha mahali hakimuulizi mtu ngeli ya kitu kisichokuwepo. Vivyo hivyo “Hakuna ruhusa” huwafaa wote.

Ngeli za mahali zina utajiri zaidi ya huo. Upo ujumbe unaokataa kufuta saraka kwa kuwa ina vitu ndani. Tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa “Saraka si tupu”, sentensi ambayo sijamsikia mtu akiisema. Saraka ni chombo, na kilichomo ndani ya chombo tunakitaja kwa MU: “Humu mna vitu.” Maneno matatu, na kila mzawa anaelewa kwa nini amezuiwa. Waundaji wa UNIX hawakuwa na sarufi itofautishayo hapa, huku na humu kwa viambishi. Sisi tunayo, tukaiacha kabatini.

Tatizo gumu liko kwenye programu zilizojengwa juu ya kiini hicho. Hapo mwandishi wa programu huandika sentensi yenye nafasi tupu, ambayo hujazwa jina lolote wakati wa kazi. Kwa Kiingereza kitenzi hakibadiliki kwa ngeli, hivyo nafasi hupokea kila kitu. Kwa Kiswahili mtumiaji amefutwa, kifaa kimefutwa, ufunguo umefutwa, jina limefutwa. Mtafsiri huchagua “imefutwa” na kuiacha, na matokeo yake mashine husema “Mtumiaji imefutwa”, kama mgeni aliyeshuka stendi jana. Zana za kutafsiri programu huria zinajua umoja na wingi, ngeli hazizijui.

Njia niliyoifuata ni kitenzi-jina. “Kufuta kifaa kumekamilika”, “Kufuta mtumiaji kumekamilika”: upatanisho unabebwa na KU ya kufuta, na nafasi tupu inabaki huru. Ni sentensi nzito, ina harufu ya ofisi. Hata hivyo naipendelea kuliko iliyovunjika. Isipokuwa penye kivumishi njia hii haifiki: jina jipya, kifaa kipya, ufunguo mpya, hapo hakuna KU wa kumwokoa mtafsiri, lazima msimbo wenyewe ubadilishwe.

Majina nayo nimeyagusa, nisije nikaonekana nayadharau. UNIX hupanga michakato kiukoo: mchakato huzaa mwingine, na mzazi akifa, yatima huchukuliwa na mchakato namba moja. Mwanafunzi wangu kutoka Matombo alisema huyo ni mjomba. Nanyi mnajua kwamba Waluguru hufuata ukoo wa mama. Mchakato uliokwisha kazi lakini jina lake bado limo kwenye daftari, kwa kuwa mzazi hajapokea taarifa zake, huitwa kwa jina ambalo wengi wangelitafsiri “msukule”. Silikubali. Msukule hutumikishwa, huyu hafanyi lolote. Baada ya mwaka 2016, serikali ilipoondoa zaidi ya wafanyakazi hewa elfu kumi kwenye orodha ya mishahara, hakuna Mtanzania asiyejua jina lake: ni mchakato hewa.

Jalada langu limekamilika isipokuwa ujumbe wa 32, utolewao programu inapoandika kwenye bomba ambalo upande wa pili hakuna tena anayesoma. Asili husema bomba limevunjika, lakini halijavunjika, msomaji ameondoka. Wenye pendekezo waniletee baada ya maswali.